Watoto Waliozaliwa Meli Ilipofika

Hertina Lokboj alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona kitu cha kubonyeza, lazima akibonyeze. Kwa hiyo tangu Dakta Waqa aje kutoka Suva na kuwawekea chati yake mpya kwenye kompyuta za ofisi ya takwimu za afya pale Majuro, kazi nyingine zote zililala. Kahawa yake ilipoa kikombeni. Donati zake zililiwa na wenzake. Yeye alikuwa akizunguka dunia nzima bila kuinuka kitini.

Na ilikuwa chati kweli, msifikiri natia chumvi. Kila nchi ilikuwa na duara lake, kubwa kwa nchi yenye watu wengi, dogo kwa yenye watu wachache. Watoto wachanga wakifa kwa wingi, duara linakaa juu. Wakipona, linashuka. Chini ya yote kulikuwa na kitufe cha miaka, na ukikishika ukakivuta kutoka zama za bibi zetu kuja leo, dunia inaanza kuteremka mbele ya macho yako. Nchi hazishuki kwa mstari kama askari. Moja inakimbia, nyingine inajikokota, nyingine inapigwa na vita inaruka juu, halafu inarudi kushuka kwa kasi ya ajabu. Mara ya kwanza Hertina alipokivuta alipiga ukelele, watu wa chumba cha pili wakadhani ameona panya.

"Njooni muone wanavyoshuka!" alipayuka. "Hao wote ni watoto waliopona! Wote hao!"

Ukiibonyeza nchi inafunguka, unaona vipande vyake. Ukibonyeza kipande, kinakupa hesabu zake mwaka kwa mwaka, mwezi kwa mwezi. Dakta Waqa alikesha miaka mitatu kuitengeneza ili watu waipekue. Sasa sikilizeni walivyoitumia wakubwa: waliipiga chapa kwenye karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo aliyokuja nayo mkurugenzi, Bi Kionia Jorbon, Alhamisi asubuhi. Aliiweka juu ya meza ya Hertina. Visiwa vyote vya Marshall vilikuwa vimepangwa hapo, maduara madogo yamerundikana chini, na moja jekundu peke yake juu kabisa, karibu litoke kwenye karatasi. Pembeni yake paliandikwa Anelok, mwaka elfu mbili ishirini na moja.

"Nusu," alisema Bi Kionia. "Nusu ya watoto wachanga, Hertina. Hakuna nchi duniani yenye namba hiyo. Leo saa nane nawaambia wafadhili kwamba zahanati ya Anelok naifunga mwisho wa mwezi. Akina mama wajawazito wataletwa huku Majuro wajifungulie hapa."

"Waletwe na nini, Mama? Meli inafika kule mara tatu kwa mwaka."

"Watakuja mapema."

"Mjamzito akae hapa miezi minne, watoto wake kule anamwachia nani?"

Bi Kionia alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Tangu aione ile namba alikuwa hajalala vizuri, na macho yake yalionyesha.

"Najua mhudumu wa kule ni mjomba wako," alisema. "Nasikitika sana. Lakini mtu ambaye nusu ya watoto wanamfia mikononi siwezi kumwacha pale hata kama angekuwa mjomba wangu mimi."

Akaondoka. Hertina alibaki amelikodolea macho lile duara. Mjomba Jabuki ana miaka ishirini na mitano katika zahanati ile. Ndiye mtu pekee pale kisiwani anayejua kushona kidonda, kugeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na kumkemea mzee asiyetaka kumeza dawa yake ya sukari. Akiondolewa yeye, watu mia sita wanabaki na bahari.

Basi akafanya kile ambacho karatasi haikubali kufanyiwa. Alifungua chati, akaenda mwaka ule, akalibonyeza duara jekundu.

Hesabu zikafunguka. Vifo: kimoja.

Hicho alikijua. Alikuwa mtoto wa dada yake Neimat, aliyekufa mwezi wa sita kwa homa iliyomkaza siku tatu, wakati hakuna ndege wala meli. Hertina alimlilia kwa simu ya upepo, kwa sababu hakuwa na njia ya kufika. Alivuta pumzi, akasoma mstari wa pili.

Waliozaliwa: wawili.

"Wawili?" alisema kwa sauti. "Anelok? Mwaka mzima?"

Kisiwa kile kinazaa. Watu wake hawana sinema wala mtandao wa kueleweka, na jua likizama wana muda mwingi. Watoto wawili kwa mwaka ilikuwa ni matusi.

"Dakta Waqa!" aliita. "Dakta, kimbia!"

Dakta Waqa alikuja na donati mdomoni, mtu mnene, mcheshi, sulu yake, lile vazi la kiunoni la wanaume wa Fiji, imepigwa pasi. Aliinama akatazama.

"Mmoja kwa wawili," alisema polepole. "Ndiyo hiyo nusu yenyewe. Hakuna aliyebonyeza hapa?"

"Nani abonyeze karatasi?"

"Mungu wangu. Fungua miezi, dada. Miaka yote."

Akaifungua. Nguzo ndogo za waliozaliwa zikasimama kwenye skrini, na wote wawili wakasogea karibu. Mwaka elfu mbili kumi na tisa, watoto walizaliwa mwezi wa tatu, wa saba na wa kumi na moja. Miezi mingine, hakuna hata mmoja. Mwaka wa ishirini, hivyo hivyo, wa tatu, wa saba, wa kumi na moja. Mwaka wa ishirini na moja, wawili mwezi wa kwanza, kisha kimya mpaka Desemba. Halafu Februari ya mwaka uliofuata nguzo ikaruka mpaka juu: watoto ishirini na sita katika mwezi mmoja.

Dakta Waqa aliishusha donati. "Wanawake wa kwenu wanajifungua kwa foleni? Wanangojea wenzao?"

Hertina hakucheka. Aliiangalia ile miezi, wa tatu, wa saba, wa kumi na moja, akaihesabu kwenye vidole.

"Hiyo ni meli," alisema.

"Meli gani?"

"Meli ya mbata! Hiyo ndiyo miezi inayofika Anelok! Mwaka wa ishirini na moja iliharibika, haikwenda kabisa. Ilirudi Februari!" Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Dakta, hawa si watoto waliozaliwa. Hizi ni kemem!"

Dakta Waqa alikuwa amekula kemem nyingi tangu afike visiwani, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa kwamba ni sherehe ya mtoto kutimiza mwaka. Lakini ya Anelok hakuijua. Majuro unaweza kununua mchele siku yoyote. Anelok, hakuna kemem bila magunia ya mchele, unga na makopo ya nyama, na hayo yote hutoka kwenye meli. Mtoto akitimiza mwaka na meli haijafika, anangojea. Na karani wa kisiwa huandika jina la mtoto kwenye rejista siku hiyo ya sherehe, mbele ya watu wote, mtoto amevikwa shada la maua. Kumwandika kabla ya hapo, kule kwao, ni kujishaua mbele ya Mungu. Tarehe inayoandikwa ni ya siku hiyo. Hakuna aliyewahi kuona kosa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

"Na wale wawili wa mwezi wa kwanza?" Dakta Waqa aliuliza.

Hertina alifikiri kidogo, kisha akaangua kicheko mpaka machozi. "Mapacha wa mchungaji! Mchungaji ndiye peke yake aliyekuwa na mchele umebaki!"

Walicheka wote wawili kama wehu. Kisha Hertina akashika kichwa.

"Mama yangu kila mwaka ananiambia nina miaka ishirini na tisa. Hati yangu inasema ishirini na nane. Nimekuwa nikimwona amezeeka."

"Lakini vifo havingojei meli," alisema Dakta Waqa, na uso wake ukabadilika.

"Havingojei. Mtu akifa inatangazwa redioni siku ile ile, ndugu wa visiwa vingine wajue."

Hapo ndipo penyewe. Kifo kiliingia kwenye chati siku ile ile. Kuzaliwa kulingojea mchele. Na mwaka ambao meli haikwenda, Anelok ikawa mahali pabaya kuliko pote duniani, kwa sababu ya mtambo wa meli ulioharibika. Hertina alitaka kupiga kelele, kucheza, kumkumbatia mtu. Alimkumbatia Dakta Waqa. Kisha akatazama saa ya ukutani. Saa saba na dakika ishirini.

"Tukimwambia Bi Kionia hivi hivi atasema namtetea mjomba wangu."

"Na atakuwa na haki," alisema Dakta Waqa. "Hiyo ni dhana nzuri, dada, lakini ni dhana. Nataka tarehe. Nani ana tarehe?"

Hertina alikuwa keshafika mlangoni.

Chumba cha redio kiko ukuta kwa ukuta na chumba cha mikutano, na mwenyewe ni Mzee Tomeing, aliyekaa na redio ile miaka mingi mpaka anaongea na mkewe kwa kumalizia "ova". Alimsikiliza Hertina, akawasha, akaita. Kwa muda zikaja kelele tupu. Kisha sauti ya mwanamke ikasema kwamba Jabuki yuko upande wa pili wa kisiwa, anamtazama mtu aliyeanguka kwenye mshelisheli.

"Mwambieni alete madaftari yake ya mizani!" Hertina alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Ya watoto! Yote! Mwambieni mpwa wake anasema akimbie! Ova!"

"Jabuki hajakimbia tangu aoe," ilijibu sauti. "Lakini tutamwambia. Ova."

Saa nane kamili Hertina aliingia mkutanoni. Wafadhili wawili walikuwa wameketi, mashada ya kome shingoni, karatasi zimepangwa mbele yao, duara jekundu kwenye kila karatasi. Bi Kionia alikuwa ameanza. Hertina hakuomba ruhusa, na mpaka leo hajui aliupata wapi ule ujasiri. Alichomeka kompyuta yake kwenye projekta, na chati ikajaa ukutani.

"Hertina, kaa chini."

"Mama, nipe dakika tano. Nikikosea, nifukuze pamoja na mjomba wangu."

Bi Kionia alimtazama Dakta Waqa. Dakta Waqa aliinamisha kichwa kwamba amwache. Basi Hertina akavuta kitufe. Aliwaonyesha duara la Anelok likiwa chini miaka yote, likiruka mwaka mmoja, likirudi chini kabisa mwaka uliofuata. Akalibonyeza, akafungua miezi. Akaweka orodha ya safari za meli juu ya nguzo za watoto, na nguzo zikakaa kwenye safari, moja moja, hakuna iliyobaki nje ila ya mapacha wa mchungaji. Mmoja wa wafadhili alisogeza kiti mbele. Akaacha kuangalia karatasi yake.

"Unataka kuniambia," alisema Bi Kionia polepole, "watoto wa Anelok wanazaliwa meli ikifika."

"Ndiyo, Mama. Kwenye chati."

"Na wa kweli walizaliwa lini?"

Hertina aligeuka kuutazama ukuta wa chumba cha redio. Hilo tu ndilo alilokuwa hana. Bi Kionia alianza kukusanya karatasi zake.

Ndipo ukuta ukazungumza.

"Majuro, Majuro, hapa Anelok!" Ilikuwa sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi. "Yokwe nyote! Nani kanikimbiza? Nina miaka sitini na mmoja! Ova!"

Mzee Tomeing alikuwa ameuacha mlango wazi na kuongeza sauti mpaka mwisho. Hertina alitoka mbio, waya wa kompyuta karibu umwangushe, akanyakua kipaza sauti na kusimama pale mlangoni, ili akiongea aone na ukuta wenye chati.

"Mjomba! Madaftari unayo?"

"Ninayo. Kila mtoto niliyempima, siku aliyozaliwa, uzito wake. Miaka ishirini na mitano hakuna aliyeniuliza. Nilidhani nitayatumia kuwashia moto. Ova."

Bi Kionia alikuja mlangoni mwenyewe. Alikichukua kipaza sauti.

"Bwana Jabuki, mimi Kionia. Kwa nini hizi tarehe hukuzileta huku?"

"Mama, fomu yenu inasema niandike walio kwenye rejista ya kisiwa. Nami ninaandika walio kwenye rejista ya kisiwa." Alikohoa. "Ninyi mlitaka rejista. Mngetaka watoto, ningewapa watoto. Ova."

Mfadhili mmoja alicheka, akaziba mdomo. Bi Kionia alirudisha kipaza sauti kwa Hertina.

"Soma, Mjomba," alisema Hertina. "Mwaka wa ishirini na moja. Wote."

Dakta Waqa alikaa mbele ya kompyuta, akawatoa wale mapacha wawili, vidole tayari. Jabuki akaanza. Tarehe tatu Januari, msichana, kilo tatu na nusu. Tarehe kumi na tisa Januari, mvulana, kilo mbili na nane, sasa anapiga wenzake. Februari, wasichana wawili siku moja, mama mmoja kila kona ya kisiwa, nilivuka kwa baiskeli usiku kucha. Kila aliposoma, Dakta Waqa aliingiza, na ukutani lile duara jekundu lililokuwa juu ya dunia nzima likaanza kutikisika. Kwa mtoto wa tatu lilishuka sana. Kwa wa sita likaacha kuwa jekundu. Wafadhili walikuwa wamesimama sasa. Mmoja alikuwa akihesabu kwa sauti, kumi na moja, kumi na mbili, kama mtu anayetazama mpira.

Kisha sauti nyingine ikaingia, ya mwanamke, kutoka mbali zaidi. Redio ya visiwani haina siri. Ukiongea na mmoja wote wanakusikia.

"Samahani Majuro, hapa Lojebo. Hivi kumbe ninyi mnataka siku ya kuzaliwa? Sisi pia tunaandika siku ya kemem. Ova."

"Wewe nyamaza, ngoja zamu yako!" alifoka Jabuki. "Nipo kwenye kumi na nne!"

Chumba kizima kiliangua kicheko, hata Bi Kionia, aliyelazimika kushika mlango. Dakta Waqa alijifuta macho kwa mkono wa shati na kuendelea kuingiza. Kumi na nane. Ishirini. Duara lilikuwa limefika chini kati ya wenzake, dogo, la kawaida, huwezi hata kulitambua usipoonyeshwa.

"Ishirini na tatu," alisema Jabuki. "Desemba tarehe ishirini na tisa, mvulana, kilo tatu. Hao ndio walio hai. Ova."

Bi Kionia alichukua karatasi yake mezani, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pipa la taka. "Zahanati inabaki," aliwaambia wafadhili, kisha akageukia chumba cha redio akasema kwa sauti kubwa ili kisiwa kizima kisikie: "Jabuki, unabaki! Na fomu ninaibadilisha kesho! Ova!"

Kelele za furaha zilitoka redioni, za watu wengi kuliko Jabuki peke yake. Inaelekea nusu ya kisiwa ilikuwa imejazana kwenye zahanati. Hertina alikuwa akirukaruka, kipaza sauti mkononi, machozi yanamtoka, hajali nani anamwona.

"Mpwa wangu," ilisema sauti ya Jabuki, kelele zilipopungua. "Bado uko hapo?"

"Nipo, Mjomba."

"Kuna mmoja zaidi. Tarehe ishirini na saba Januari. Mvulana, kilo tatu na robo." Karatasi ya daftari ilisikika ikifunuliwa. "Wa Neimat. Kemem yake haikufika, kwa hiyo kwenye rejista hayupo. Lakini nilimpima mimi. Alizaliwa. Ova."

Hertina aliacha kuruka. Katika chati yote ile, miaka yote ile, mtoto wa dada yake alikuwa amehesabiwa mara moja tu, siku aliyokufa.

"Neimat yupo hapo?" aliuliza.

Redio ilikwaruza. Kisha ikaja sauti ya dada yake, ndogo, karibu sana na kipaza sauti.

"Nipo. Tulikuwa tumemchagulia jina. Tungelitaja siku ya sherehe." Alivuta pumzi. "Anaitwa Aisen. Ova."

Halafu yule mwanamke wa Lojebo akasema taratibu, "Lojebo tumesikia. Aisen." Na kisiwa kingine kikasema tumesikia, na kingine, na kingine, mpaka Mzee Tomeing akashindwa kuwafuata.

Dakta Waqa aliinuka kwenye kiti na kumwachia nafasi. Hertina akakaa, akaingiza ile tarehe mwenyewe, herufi kwa herufi, akabonyeza. Walikuwa ishirini na tatu, sasa wakawa ishirini na wanne. Ukutani duara la Anelok likashuka tena, kidogo sana, na safari hii aliyelishusha alikuwa Aisen.